Nani Anachekwa Nyuma ya Meza?

Kuna sirizi ya vichekesho ya Marekani inaitwa Submissions Only. Ilianza kuonyeshwa mtandaoni mwaka wa 2010 na ikafika msimu wa tatu mwaka wa 2014. Walioiunda, Kate Wetherhead na Andrew Keenan-Bolger, ni watu wa jukwaa la New York, na habari yao kubwa ni moja: odisheni. Wetherhead mwenyewe ni Penny Reilly, mwigizaji anayezunguka kutoka chumba kimoja hadi kingine akisaka nafasi kwenye michezo ya jukwaani. Rafiki yake Tim Trull anakaa upande ule mwingine wa meza. Kazi yake ni kuchuja nani apite na nani arudi nyumbani.

Niliimaliza kwa siku nne, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na wivu ukanishika. Broadway siijui wala yenyewe hainijui, kwa hivyo huo haukuwa wivu wa Broadway. Nilionea wivu mahali walipoiweka kamera.

Odisheni ni kichekesho kilicho tayari. Msee anasimama mbele ya watu watatu asiowajua, anaambiwa amlilie mama ambaye hajafa, akimaliza kulia anaambiwa "asante, tutakupigia." Hapo huhitaji kuongeza chumvi. Unachohitaji kuamua ni nani atakayechekwa.

Kwetu jibu limekuwa moja kwa miaka mingi. Tuliokua na Tusker Project Fame tunajua. Nyumbani kwetu vipindi vya odisheni vilingojwa kuliko fainali, kwa sababu ndipo waliokuja yule aliyeimba kama mbuzi aliyekanyagwa na yule aliyesahau maneno ya wimbo aliouchagua mwenyewe. Jaji anakunja uso, sebule nzima inaanguka kicheko. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye video fupi za simu: anaingia mshamba, Kiingereza kinamtoka vipande vipande, anapiga kelele, majaji wanatazamana, mwisho. Mshamba ndiye kichekesho. Majaji ni fanicha tu.

Submissions Only haikubali mteremko huo. Anayeharibu yupo, na tunamcheka. Lakini kamera haitoki naye. Inabaki chumbani na Tim na wenzake, na hapo ndipo unaona kwamba walio mezani nao wanaangaliwa na mtu: kuna mwelekezi wa kuridhishwa, kuna mwenye pesa wa kuridhishwa, kuna chakula cha mchana ambacho hakijaliwa. Unaelewa kwamba mtu anaweza kufanya vizuri na bado akose, kwa sababu ambazo hatawahi kuambiwa. Ukishaona hivyo, kicheko kinabadilika. Hucheki mtu, unacheka mpango mzima.

Basi sirizi hii imekamilika? Hapana. Hata jina lake linatoka kwenye lugha ya matangazo ya kazi zao, kwa maana kwamba majina yanapokelewa kupitia mawakala, usijilete tu. Wote tunaowaona wameshavuka lango hilo. Penny akikosa nafasi, amepata wiki mbaya. Atakunywa na marafiki, kipindi kijacho atajaribu tena. Hakuna mtu anayehesabu nauli.

Kwa nauli, rudi kwa Nairobi Half Life. Filamu hii ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka wa 2012 tunaikumbuka kama filamu ya magenge, lakini ukiitazama tena, mifupa yake ni stori ya odisheni. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu za Kizungu huko kwao na kuwaigizia wateja vipande ili wanunue. Waigizaji wa Nairobi wanapita huko, na mmoja anamwambia anaweza kumtafutia nafasi mjini kwa shilingi 1,000, nusu itangulie. Hiyo ndiyo odisheni yake ya kwanza: bei imetajwa, skripti haijaonekana.

Anafika Nairobi na siku hiyo hiyo anaibiwa kila kitu, anaishia seli, anakutana na Oti, na genge linampa kazi ya kuiba vipuri vya magari. Baadaye anafanya odisheni na kupata nafasi kwenye mchezo wa Phoenix Players. Sasa ana mazoezi upande mmoja na magari ya watu upande mwingine. Wairimu alituzwa mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huo, na filamu ikawa ya kwanza kuwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Kwangu, ushindi wake mkubwa ni kuuliza swali ambalo tamthilia zetu hukwepa: mwigizaji asiye na kitu anakula nini wakati wa mazoezi?

Lakini filamu inamfuata Mwas tu. Walioketi mezani tunawaona kupitia macho yake, kwa heshima na kwa woga, basi. Gitonga alituonyesha njaa bila meza. Wetherhead na Keenan-Bolger walituonyesha meza bila njaa. Sirizi ninayoitaka mimi ingekuwa na vyote viwili, na nadhani ingechekesha kuliko zote.

Naandika haya nikiwa Machakos, kilomita 60 na kidogo kutoka Nairobi. Stendi ya mabasi ya mashambani pale Nairobi inaitwa Machakos Country Bus. Maana yake jina la mji wetu ndilo mlango ambao kila mshamba wa Kenya anaingilia mjini. Enzi za Gavana Alfred Mutua, kati ya 2013 na 2022, tuliahidiwa Machawood, eti Hollywood yetu hapa Ukambani. Sisi tuliokuwa shuleni tuliamini. Leo ukitaka kuigiza bado unapanda matatu.

Kazi ya jukwaani ambayo vijana wengi wa huku wanaweza kuitegemea ni ya vitabu vya shule. Vikundi vinazunguka sekondari vikiigiza vitabu vilivyoteuliwa: jana Kigogo cha Pauline Kea, leo Bembea ya Maisha cha Timothy Arege. Nilipoacha chuo nilikula kwa kazi hiyo muhula mmoja. Odisheni zake ni sirizi nzima peke yake. Vijana kumi wamekuja, wote wanataka Majoka. Hakuna anayetaka Ngurumo, mlevi wa Mangweni, mpaka anapoambiwa kwamba Ngurumo atakuwa pia mtu mwingine au wawili, kwa sababu kikundi ni cha watu sita na gari ni probox. Mwelekezi naye anaogopa: mwalimu mkuu hajathibitisha, na mafuta amekopa. Hapo kuna meza na kuna njaa, na pande zote mbili hazina nauli ya kurudi.

Na kuna jambo jingine ambalo sirizi ya New York haiwezi kutuandikia. Katika odisheni moja jijini, ya kikundi nisichotaja, nilisoma sehemu ya wakili. Nilipomaliza, mmoja wa waliokuwa mezani akasema, "Sasa hebu ifanye kwa kile Kikamba chenu." Nikaifanya. Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Nilipewa sehemu ya mlinzi wa lango. Wakili alikuwa na mistari ukurasa mzima, mlinzi alikuwa na miwili. Ukiirekodi video fupi ya siku hiyo kwa mtindo wetu wa kawaida, kichekesho kingekuwa lafudhi yangu. Geuza kamera uangalie meza: watu wazima wanne wanaojiita wasanii, hawawezi kuwaza wakili kutoka Ukambani, katika nchi ambayo mahakama zake zimejaa mawakili Wakamba. Niambie ni upi mchekeshaji zaidi.

Mtu atasema haiwezekani kupanga chumba kwa namna nyingine. Iliwezekana. Kamirithu, Limuru, mwaka wa 1977, odisheni na mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, yalifanywa hadharani. Wanakijiji walikuja kutazama, wakatoa maoni, wakasahihisha lugha. Anayechagua naye alikuwa anatazamwa. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, ukapigwa marufuku tarehe 16 Novemba, na kabla ya mwaka kwisha Ngugi wa Thiong'o alikuwa amekamatwa. Sisemi serikali iliogopa odisheni. Ila watu waliozoea kutazama meza moja ikifanya uamuzi hawashindwi kutazama meza nyingine.

Ndiyo maana nasisitiza kuhusu kamera. Submissions Only itazameni, mcheke, na msiibe vichekesho vyake, kwa sababu vingi ni vya watu wenye mawakala. Ibeni ule mgeuko wa kamera. Mnaotengeneza vichekesho kwa simu mna kila kitu kinachohitajika: chumba kimoja, meza moja, viti vitatu, na foleni ya wasee nje ambao wengine wao wametembea kwa sababu nauli ilikuwa ya njia moja. Waacheni waingie mmoja mmoja. Wakishatoka, msikate. Ngojeni msikie wale watatu watasema nini.