Nuru Iliyotangulia Ukuta: Chumba cha Sanamu cha Possagno

Aghalabu nyumba ya kuwekea kazi za sanaa hujengwa kwanza, kisha ndipo mtu huulizwa taa zitundikwe wapi. Saruji huhesabiwa, mabati huhesabiwa, milango huhesabiwa. Nuru haimo katika hesabu, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni kazi ya fundi umeme. Ni sawa na mtunzi wa shairi amalizaye kuandika maneno yake yote, halafu akaanza kutafuta vina vya kuyapachika. Makala haya yanakusudia kukihakiki chumba kimoja kidogo ambacho mjenzi wake alianza na nuru, kuta zikafuata. Kiko mbali nasi, katika kijiji cha Possagno, kaskazini ya Italia, lakini kina jambo linalotuhusu sisi wenye sanamu za mpingo.

Possagno ndiko alikozaliwa Antonio Canova mwaka 1757, mmoja wa wachongaji wa marumaru waliosifika mno Ulaya katika zama zake. Canova hakuanza na marumaru. Alifinyanga kwa udongo, akatoa katika udongo huo sanamu nzima ya jasi, kisha jasi ikapigiliwa vijisumari vya madini ili wasaidizi wapate alama za kuhamishia vipimo katika jiwe. Alifariki mwaka 1822. Sanamu hizo za jasi zikaletwa Possagno, na kufikia mwaka 1836 ukumbi wa kuzihifadhi ulikuwa umekamilika, mrefu, wenye dari la kuba na madirisha paani. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, mizinga iliuharibu na kuvunja sanamu nyingi, nazo zikaungwa tena. Ilipokaribia miaka 200 ya kuzaliwa kwa Canova, msanifu majengo Carlo Scarpa wa Venice alipewa kazi ya kuongeza chumba ubavuni mwa ukumbi ule. Alikijenga kati ya mwaka 1955 na 1957.

Jasi ni kitu kigumu kukionyesha. Marumaru huiruhusu nuru ipenye kidogo kabla ya kuirudisha, ndiyo maana shavu la marumaru hufanana na ngozi ya mtu. Jasi haina neema hiyo. Mwanga ukiipiga sawasawa pande zote, pua na paji la uso huwa kitu kimoja, sanamu ikakosa uhai kama chapati isiyopikwa. Wengi wetu tungepaka ukuta rangi nzito ili weupe uonekane. Scarpa aliziacha kuta nyeupe, akaweka weupe mbele ya weupe, na kazi yote ya kutenganisha akaiachia nuru.

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Dirisha likiwa katikati ya ukuta, jicho hulitazama hilo dirisha. Hutiwa kiwi, na ukuta unaolizunguka huonekana mweusi kuliko ulivyo. Scarpa aliyaondoa madirisha katikati, akayapeleka katika pembe za juu kabisa, pale kuta mbili na dari vinapokutana. Akaifungua pembe hiyo kwa kioo mithili ya kisanduku. Nuru ikiingia kwa njia hiyo huteremka ikiambaa kuta zote mbili, na kuta zenyewe zikawa taa. Hapana kiwi, wala hapana upande uliozimwa kabisa. Sanamu husimama katikati ya mianga isiyolingana, yenye nguvu huku, dhaifu kule, na kwa tofauti hiyo kifua, goti na mkunjo wa nguo hujitenga. Hata vile vijisumari huonekana, vitone vyeusi juu ya weupe, na mtazamaji akatambua kuwa aionayo ni kazi ingali mikononi mwa fundi.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa masanduku mawili ya viatu yaliyopakwa chokaa ndani. Moja litobolewe katikati ya ubavu, jingine likatwe pembe ya juu; yote yawekewe yai, kisha wanafunzi wachungulie kwa tundu dogo.

Kutoka chumba kirefu cha kwanza, sakafu hushuka kwa vidato na kuta husogeleana, hadi mwisho ambako pana kioo na bwawa dogo la maji nje yake. Hapo wamesimama wale mabinti watatu wa hadithi za Kiyunani. Wahakiki wengi wamepasifu mahali hapo. Mimi nina shaka kidogo, maana sehemu ya nuru huwajia mabinti hao kwa nyuma, na ashukaye vidato huona kwanza umbo lao, nyuso baadaye. Chumba cha juu kimefuzu zaidi.

Je, twaweza kukinakili? Hasha. Possagno jua huwa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu mwezi Juni, kusini mwezi Desemba, na mara mbili kwa mwaka hupita utosini. Kisanduku cha kioo paani kwetu kingekuwa tanuri. Nuru yetu yataka kugongwa mara mbili tatu kabla ya kukaribishwa ndani, na hilo wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walilijua zamani. Jua huangukia kiwanda kilicho wazi, likarudishwa na kuta za chokaa, likapita msana mmoja na wa pili, likafika ndani likiwa limepoa. Huko lilipokewa na zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vya lipu vilivyonakshiwa, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri. Sijui tuiite nini kazi hiyo kama si nyumba ya sanaa.

Mpingo nao una tabia iliyo kinyume cha jasi. Jasi huonekana kwa kivuli; mpingo uliosuguliwa huonekana kwa mng'ao. Ngozi yake nyeusi humeza nuru, na kinachomfikia mtazamaji ni sura ya kile kinachoangaza kilicho kando yake. Ukiielekezea taa moja kali sanamu ya mtindo wa ujamaa, yenye watu waliopandana kama mzinga wa nyuki, utaona vitone vyeupe vinavyochoma macho, na watu wote waliosalia watazama gizani. Isogeze karibu na ukuta mpana mweupe uliopokea nuru kutoka uani, na kila bega litapata mstari wake mrefu laini, na matundu kati ya miili yatafunguka. Kwa hiyo ukuta wa kando, upana wake, weupe wake na umbali wake kutoka sanamu, ni mambo ya kupimwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Michoro ya karatasi na nguo za kale ziwekewe chumba chao mbali na hayo, kwa maana rangi zake hupauka. Huko mazoea ya makumbusho ni kutozidisha luksi 50, na ukuta mweupe wa uani usikaribie.