Uhuru wa Mtoto Asiye na Baba: Uhakiki wa Riwaya ya Crispin

Crispin: The Cross of Lead, riwaya ya Avi wa Marekani, ilipigwa chapa mwaka 2002, na mwaka 2003 ikapata nishani ya Newbery, ambayo hutolewa nchini humo kwa kitabu bora cha watoto. Kwa kuwa sura zake ni fupi na mambo yake ni ya mbio, wasomaji wengi wameihesabu kuwa hadithi ya hatari na wokovu tu. Walakini ndani yake mna swali lisilo la watoto peke yao: je, mtu huwa huru kwa nasaba yake, kwa idhini ya mkubwa wake, ama kwa tendo lake mwenyewe? Riwaya hii yastahili kupimwa kwa swali hilo, kwani hapo ndipo zilipo nguvu zake, na udhaifu wake vilevile.

Kisa chenyewe ni cha Uingereza, mwaka 1377. Katika kijiji cha Stromford, kilicho mali ya Lord Furnival, yupo kijana wa miaka 13 asiyejulikana kwa jina lolote ila mwana wa Asta. Mama yake afariki, naye msimamizi wa kijiji, John Aycliffe, amsingizia wizi na kumtangaza kuwa kichwa cha mbwa mwitu, maana yake mtu ambaye damu yake ni halali kwa yeyote amwuaye. Padri Quinel amjulisha kwamba jina lake ni Crispin, kisha padri huyo auawa. Kijana akimbia, hana kitu cha thamani ila msalaba mdogo wa risasi ulioachwa na mama yake, wenye maandishi asiyoweza kuyasoma. Njiani akutana na Bear, yaani Dubu, mtu wa miraba minne aishiye kwa muziki na michezo, ambaye amlazimisha kwa kiapo kuwa mtumishi wake. Safari yao yawafikisha katika mji wa Great Wexly, na huko siri ya msalaba yafichuka: Crispin ni mwana wa Lord Furnival, aliyezaliwa nje ya ndoa.

Mwandishi amefaulu sana katika kuuonyesha utwana bila ya kuuhubiri. Mara Asta azikwapo, Aycliffe amdai yatima maksai wa marehemu kuwa kodi ya kifo. Jambo hilo halikubuniwa: desturi ya mashamba ya wamwinyi wa Uingereza ilimpa bwana haki ya kumchukua mnyama bora wa mtwana aliyekufa. Asiye na maksai halimi, na asiyelima hali. Kwa tukio hilo moja msomaji aelewa kwamba mtwana hakufungwa kwa minyororo, bali kwa ardhi, kodi na njaa. Tena kifungo hicho kimekwisha kuingia moyoni mwa kijana. Hajioni kuwa mtu mwenye nia. Hungoja kuambiwa la kutenda. Ndiyo maana safari yake ni mbili kwa wakati mmoja: miguu yatoka Stromford, na nafsi yatoka katika unyonge. Bear amfundisha kupiga filimbi, na yule aliyezoea kujificha asimama mbele ya watu akasikilizwa. Hizo ni kurasa zilizo bora kuliko zote kitabuni.

Hapo ndipo penye tatizo. Hadithi za kale zimejaa maskini ambaye mwishoni agunduliwa kuwa mwana wa mfalme, na furaha ya hadithi hizo ni kumrudisha kwenye kiti cha baba yake. Kama Crispin angerudishwa hivyo, riwaya ingalijikana yenyewe, kwa kuwa ingalisema kuwa alistahili uhuru kwa sababu ya damu ya kibwana iliyomo mwilini mwake, na watwana wenziwe wangalibaki na haki ya kutawaliwa. Avi auepuka mtego huo. Bear akiwa kifungoni, Crispin aingia katika jumba la Furnival, amshika Aycliffe kwa jambia, naye hadai mali wala cheo. Ataka rafiki yake afunguliwe, na badala yake yu tayari kuutoa msalaba, ulio ushahidi wa pekee wa nasaba yake.

Sheria ya Uingereza ya zama hizo yaongeza maana ya tendo hilo. Mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa si mwana wa mtu yeyote, kwa hiyo hakurithi mali ya baba. Lakini kwa hoja iyo hiyo, mahakama za mfalme katika karne ya 14 zilikubali kwamba asiye mwana wa mtu hawezi kurithi utwana pia. Aibu yake ilikuwa mlango wake. Riwaya haiitaji hoja hiyo, walakini yaitimiza: Crispin awa huru pale anapokubali kuwa si mwana wa bwana.

Hata hivyo, kasoro zipo. Aycliffe avunja kiapo chake langoni, nao upanga wamwondoa duniani. Kijana hakulipia uamuzi wake gharama yake yote. Pia ni Bear amtangazaye kuwa mmoja wa chama cha watu huru, kana kwamba uhuru alioupata kwa tendo bado wahitaji kutolewa na mkubwa. Kubwa zaidi, Stromford yabaki vilevile. John Ball, ambaye riwaya yamwonyesha akipanga na wenzake, katika historia alinyongwa mwaka 1381, na Mfalme Richard II akazitangua ahadi alizowapa wakulima walioasi. Wawili waendao zao barabarani wakiimba si jibu kwa kijiji kizima.

Lakini riwaya haikuahidi jibu hilo. Katika Kiswahili, mwungwana ni asiye mtumwa, na pia ni mwenye tabia njema. Zamani neno hilo lilitumika pwani kuwatenga watumwa na wenye nasaba, ilhali methali yasema kwamba mwungwana ni vitendo. Crispin auweka msalaba juu ya kifua cha adui yake aliyekufa, kisha atoka mjini na jina moja tu, lisilofuatwa na la baba. Hakuna ushahidi mwingine wa uungwana wake, wala hauhitajiki.