Chumba Rahisi, Bahari ya Kusi

Picha zilizunguka kwenye simu za Kachibora nzima, kwa hiyo hakuna haja ya kuzisimulia upya. Wanaume wanane wamejikunyata kwa makoti ufukweni Msambweni. Nyuma yao ngalawa tatu zimepandishwa mchangani, tanga zimekunjwa, na mwani mweusi umetapakaa kila mahali. Wavuvi wenyewe wamekaa kivulini wanashona nyavu. Ndoo ya samaki ipo pembeni, na mpiga picha aliona haya kuisogelea. Anayeijua bahari haulizi mengi akiona picha kama hiyo. Ilikuwa Agosti.

Safari ile haikuharibikia Msambweni. Iliharibikia Kachibora, miezi mitano kabla, dakika ile mwenyekiti wa chama chao cha wakulima aliposimama na hoja zake tatu za kwenda Agosti: shule zitakuwa zimefungwa, mahindi yatakuwa bado shambani hayajakauka, na mwenye nyumba kule amekubali kushusha bei ya vyumba. Hoja zote tatu ni za kweli. Hakuna hata moja inayomhusu samaki.

Wanachama wakapiga makofi, wakapita kwenye ajenda ya chai.

Kusi, upepo wa kusini, huanza kushika pwani ya Kenya mwezi wa Aprili na kulegea kuelekea Oktoba. Juni, Julai na Agosti ndipo linapovuma kwa nguvu zake zote. Bahari huchafuka, maji hupoa na kuwa na ukungu, mkondo unaokwenda kaskazini huongeza kasi, na mawimbi huvunjika juu ya mwamba mchana kutwa. Mwenye boti kubwa ya injini hutoka hata hivyo, na kuanzia Agosti anaweza kukutana na jodari, lakini boti hizo hukodishwa kwa dola na chama cha wakulima hakina habari nazo. Mwenye ngalawa hubaki ndani ya mwamba, mahali ambapo kila mwenzake naye amebaki, wakigawana tasi na changu walewale. Siku nyingine hatoki kabisa. Mzee mmoja aliwaeleza wageni asubuhi ya kwanza, bila ya kuinua macho kwenye nyavu zake: "Wazee wangu, bahari imechafuka. Ngojeni." Walingoja siku tatu kati ya nne walizokuwa wamelipia.

Siku ya nne walitoka, na hapo kosa la pili likapanda juu ya la kwanza. Mwezi ulikuwa na siku saba, yaani maji mafu. Wakati wa bamvua, maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, na mishale ya saa nne asubuhi mwamba huwa umeachwa wazi. Mtu asiye na chombo wala fedha ya kukodi anaweza kutembea kwa miguu akatafuta pweza mashimoni. Maji mafu hayampi nafasi hiyo, kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mwamba haukauki. Kwa mvuvi wa bajeti ndogo, kalenda ya mwezi ina thamani kuliko ndoana. Inaning'inia ukutani katika maduka mengi ya Kitale, na hakuna aliyeifungua.

Makosa ya Agosti yana ukoo mkubwa. Vasco da Gama alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na Sultani, kusi likamsukuma, na mwezi wa Mei haujaisha akawa ameshafika Calicut. (Rubani huyo bado anaitwa Ahmad ibn Majid hata pale ambapo wanahistoria wameshalikana jina hilo. Safu hii imechoka kusahihisha.) Kurudi, nahodha akajiona ameshahitimu. Aliondoka Calicut tarehe 29 Agosti, kabla upepo haujageuka, na alipoiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba bado upepo wa kaskazi haujashika. Maji aliyoyavuka kwa wiki tatu na ushei yakamchukua karibu miezi 3. Kiseyeye kikawamaliza mabaharia wake hadi akaichoma moto São Rafael kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mabaharia wa Lamu na Omani walikuwa wakisafiri kwa kalenda ya pepo karne nyingi kabla yake, nao hawakukaa kikao kuipigia kura.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Wazee wa Trans Nzoia walijua mambo haya kwa njia yao. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na wakati abiria walipokuwa wakipanda treni pale, mwenye mahindi alivuna kwanza, akauza, akahesabu fedha, ndipo akaanza kuwaza Mombasa. Hiyo ni Januari au Februari, kaskazi imetulia, na ngalawa zinavuka mwamba kwenda kutafuta nguru na kolekole. Mzee hakuhitaji kujua neno kaskazi. Mahindi yake yalimfikisha kwa wakati.

Leo tunaambiwa tushukuru kwa reli inayoishia mbali na nyumbani. Treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, huanzia Nairobi na kumshusha abiria Miritini, si mjini. Nauli ya daraja la pili ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Kwa watu wanane, kwenda na kurudi, ni shilingi 24,000 badala ya 16,000, na basi la Kitale bado halijahesabiwa.

Tuseme la haki: mweka hazina aliifanya kazi yake vizuri, michango ikakusanywa kwa M-Pesa kila wiki, basi la usiku likawafikisha Nairobi kuwahi treni ya saa mbili asubuhi bila kulipia malazi, Likoni wakavuka kwa miguu bure, na kamati ya wavuvi ya ufukwe ule (BMU) wakaiona kabla ya kugusa maji.

Hata Agosti yenyewe ingeweza kuokolewa kidogo. Shimoni imekingwa na kisiwa cha Wasini, na kwenye mlango ule wa bahari mtu hupata maji ya kutia mshipi wakati Msambweni mawimbi yanapiga makelele. Ingebidi tu wajue mpaka wa hifadhi ya Kisite, ambako kuvua ni marufuku. Lakini vyumba vya Shimoni havikupunguzwa bei, kwa hiyo havikujadiliwa.

Chama kingengoja hadi Februari. Mahindi yameshauzwa, joto la pwani ni kali lakini bahari imelala, na siku mbili baada ya mwezi mpevu bamvua inafanya nusu ya kazi. Walimu wawili waliomo wangebaki Kachibora, hilo linajulikana, na mmoja wao ndiye aliyeishikilia hoja ya shule tangu mwanzo. Wangeweza kuletewa kolekole aliyekaushwa kwa chumvi. Kilomita karibu 900 kwenda na karibu 900 kurudi ni njia ndefu ya kumridhisha mtu mmoja.

Kikao cha safari ya mwaka ujao kimeshafanyika. Mwenyekiti amependekeza Aprili, wiki zilezile za kumalizia kupanda mahindi. Mwenye nyumba amemhakikishia kwamba mvua zikianza, vyumba vitashuka bei zaidi.