Pazia la Jukwaa Lilivyochorwa ili Lisafiri

Barabara ya kutoka Mlowo kwenda Kamsamba, mkoani Songwe, inaanzia juu, kwenye uwanda wa Mbozi, na kuteremka hadi Bonde la Ziwa Rukwa, penye joto na mto Momba. Reli ya TAZARA haishuki huko. Inapita juu, Vwawa na Tunduma. Kikundi cha maigizo kinachotaka kufika Kamsamba na mandhari ya kuchorwa ya kuweka nyuma ya waigizaji kina jambo moja la kutatua kabla ya mengine yote: pazia la mita 9 kwa mita 6 litafikaje huko rangi ikiwa bado imeshika? Jambo hilohilo liliwasumbua wachoraji wa mandhari za jukwaa waliozunguka Marekani kuanzia miaka ya 1870 hadi 1920 hivi. Ufundi wao unastahili kufunguliwa na kuchunguzwa, kwa sababu sehemu kubwa ya vitu walivyotumia ipo mkoani Songwe hadi leo.

Tumtazame mmoja wao, Thomas G. Moses. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1856, akakulia mji mdogo wa Sterling huko Illinois, akaenda Chicago akiwa kijana kujifunza kazi. Mwaka 1880 aliajiriwa na kampuni ya Sosman & Landis. Joseph Sosman alikuwa mchoraji. Perry Landis alikuwa mtu wa kutafuta kazi, mji baada ya mji. Reli ilikuwa imefungua miji mingi midogo, na kila mji ulitaka ukumbi wake. Mchoraji alishuka kwenye treni, akafanya kazi ndani ya ukumbi wenyewe, akauachia mji akiba ya mandhari: msitu, mtaa, sebule ya tajiri, jiko la maskini, jela. Vikundi vilivyopita baadaye vilitumia hizohizo. Igizo lolote lenye msitu lilipata msitu uleule.

Siri yote iko kwenye gundi. Rangi ya jukwaani haikuwa rangi ya mafuta. Ilikuwa unga mkavu wa rangi uliolowekwa kwa maji, kisha ukachanganywa na gundi ya moto iliyotokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Gundi kavu ililowekwa usiku kucha hadi ikavimba, ikayeyushwa asubuhi kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji. Haikuwekwa juu ya moto moja kwa moja, maana gundi ikiungua hupoteza nguvu na kunuka ukumbi mzima. Kipimo chake kilikuwa vidole. Fundi alichovya kidole gumba na cha shahada, akavibana, akaviachanisha. Vikinatana kidogo, imefaa. Gundi ikizidi, pazia hung'aa, hukakamaa na kupasuka linapokunjwa. Ikipungua, rangi hupukutika na kuhamia kwenye nguo za waigizaji.

Kwa nini wasitumie mafuta, yanayodumu zaidi? Kwanza, mafuta yanang'aa, na mng'ao huo unarudisha mwanga wa taa machoni mwa watazamaji. Pili, yanachukua siku kadhaa kukauka, na fundi aliyelala nyumba ya wageni hakuwa na siku za kupoteza. Tatu, yanaongeza uzito. Kitambaa cha pamba cha gramu 150 kwa kila mita ya mraba, kwa pazia letu la mita za mraba 54, kina uzito wa kilo 8 hivi. Rangi ya gundi ikipakwa nyepesi huongeza kidogo tu.

Hata hivyo gundi ina tabia mbili zinazohitaji akili ya pekee, na hapa ndipo ninapowaheshimu mafundi hawa kuliko mahali pengine. Tabia ya kwanza ni kwamba rangi hii ikikauka hupauka sana. Buluu inayoonekana ya usiku wa manane ikiwa mbichi huwa ya asubuhi ikikauka. Kwa hiyo mchoraji hakuchanganya rangi aliyoiona. Alichanganya ile ambayo ingeonekana baadaye, akajipima kwa kupaka tone kwenye karatasi na kulikausha karibu na jiko. Tabia ya pili ni kwamba gundi iliyokauka huyeyuka tena ikiguswa na maji. Ukirudia kupaka mahali pamoja, rangi ya chini inaamka na kuchanganyika na ya juu, na matokeo yake ni tope. Mchoraji alipiga brashi mara moja, kwa uhakika, akaondoka hapo. Ile kasi tunayoiona kwenye mapazia yaliyosalia ilitokana na kemia ya gundi.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha aina ya merikani, pamba ambayo haikupaushwa, ndugu wa ile iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, tangu karne ya 19 na kubebwa na misafara hadi bara. Vipande vilishonwa kwa mlalo ili mishono ikae sawa na upeo wa macho. Waingereza walikitundika wima kwenye fremu iliyopandishwa na kushushwa. Mafundi wa bara la Ulaya walikitandaza sakafuni na kutembea juu yake, brashi zikiwa na mipini mirefu. Msafiri alitumia alichokikuta, mara nyingi mbao zilizogongomewa ukuta wa nyuma pamoja na ngazi. Mistari mirefu ilipatikana kwa kupiga uzi uliopakwa makaa, kama mafundi ujenzi wetu wanavyofanya hadi sasa. Mapambo yanayojirudia, kama maua ya ukuta wa sebule, yalitobolewa kwenye karatasi kwa sindano, kisha kifuko cha unga wa makaa kikagongwagongwa juu yake.

Kisha kuna suala la umbali. Mchoraji anasimama hatua moja kutoka kwenye kitambaa, mtazamaji yuko mita 10 au 20. Jani halichorwi, panawekwa doa jeusi, doa la kati na doa la mwanga, na jicho la mtazamaji linalikamilisha jani. Ukilisogelea pazia unaona vurugu. Hesabu hii ni tofauti na ya wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walioanza kusimamisha vibanda vyao vya studio mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyuma ya mteja wakiweka mandhari za kuchorwa za meli na ndege. Pale kamera ilikuwa hatua chache tu, kwa hiyo kila dirisha la meli lilihitaji kuchorwa.

Malipo nayo yalikuwa na ufundi wake. Katika miji midogo kulikuwa na pazia la matangazo: katikati mandhari ya ziwa au mlima, pembeni visanduku vya wenye maduka, kila mmoja akilipia nafasi yake. Mji ulipata pazia, mchoraji akapata nauli na chakula. Jimbo la Vermont pekee limehifadhi mapazia ya kuchorwa zaidi ya 150 ya zama hizo, mengi yakiwa na majina ya maduka yaliyokufa zamani.

Adui mkubwa alikuwa moto. Tarehe 30 Desemba 1903, taa ya umeme iliunguza kitambaa kwenye jukwaa la ukumbi wa maigizo wa Iroquois, Chicago, na watu wapatao 600 wakafa. Baada ya hapo, kitambaa cha jukwaani kikawa jambo la sheria za usalama, si la uzuri peke yake.

Vikundi vilivyohama kila siku viliiacha hata gundi. Vilitumia rangi za majimaji za kutia nguo, zinazoingia ndani ya uzi badala ya kukaa juu yake, hivyo pazia zima likakunjwa kama kanga na kuingia kwenye sanduku. Walichopoteza ni uzito wa rangi: giza la msitu likawa jepesi, na kosa halikufutika.

Kwa Kamsamba, mimi ningechagua gundi na si rangi ya majimaji. Ng'ombe wapo bondeni, kwa hiyo ngozi ipo. Masizi, makaa na udongo mwekundu vipo. Buluu ya kufulia ya jadi ni unga uleule wa buluu walioutumia wachoraji wa Chicago. Rangi ya enameli, ile iliyompa Edward Saidi Tingatinga mng'ao wake jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, inafaa ubao mgumu. Kwenye kitambaa cha kukunjwa itavunjika. Gundi iwe hafifu kuliko ilivyozoeleka, kwa sababu pazia litakunjwa. Iyeyushwe kidogokidogo kila asubuhi na kutiwa shabu, maana kwa joto la bonde huoza upesi. Pazia lisiandaliwe masika, maana unyevu huamsha rangi. Na mti wa chini unaolinyoosha pazia, ambao kwa mita 9 hauenei kwenye bodi la lori la Fuso, ukatwe vipande vitatu na kuunganishwa kwa bomba la chuma.