4+4 si nane: jinsi simu inavyokopa RAM kwenye hifadhi

Pita madukani Mbagala Rangi Tatu, Tandika au Mwenge utazame maboksi ya simu za bei nafuu. Namba kubwa inasema RAM 8GB. Pembeni, kwa herufi za kukodolea macho, imeandikwa 4GB+4GB. Infinix huiita MemFusion, Samsung huiita RAM Plus. Nne za kwanza ni chipu halisi ya RAM. Nne za pili zimemegwa kwenye hifadhi ya flashi, ileile inayotunza picha zako. Kwa hiyo ukiwasha huduma hiyo, nafasi ya picha nayo inapungua.

Ujanja huu ni mkongwe. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa mwaka 1962, ilihamishia data kwenye ngoma ya sumaku kumbukumbu kuu ilipoelemewa. Linux, ambayo ndiyo msingi wa Android, inafuata njia hiyo: inagawa kumbukumbu katika kurasa za kilobaiti 4, inatazama zipi hazijaguswa kwa muda, kisha inaziondoa na kuziweka kwenye eneo liitwalo swapu.

Android ilianza kwa kuikwepa flashi. Toleo la 4.4 la mwaka 2013, lililolenga simu za RAM ya megabaiti 512, lilitegemea zram: ukurasa unabanwa na kuachwa humohumo ndani ya RAM. Kurasa nyingi hubanika hadi nusu au hata theluthi. Prosesa inafanya kazi ya ziada, lakini flashi haiguswi. Mwaka 2017, Linux 4.14 iliiruhusu zram kusukumia kwenye hifadhi kurasa zilizogoma kubanika. Baadaye ikapewa uwezo wa kusukuma hata zile zilizolala tu. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazotumika kutengeneza nne za pili.

Faida yake ipo. Unafanya malipo, unatoka kwenda kwenye SMS kunakili namba ya malipo, unarudi unakuta programu imeanza upya na ulichojaza kimefutika. Android ilipungukiwa na RAM ikaiua. Kukiwa na swapu ya kutosha, programu hiyo ingehifadhiwa ikiwa usingizini, nawe ungeendelea ulipoishia.

Tatizo ni kuiamsha. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Flashi ya simu ya kawaida huchukua kama mikrosekunde 100 kuleta ukurasa mmoja, yaani mara 1,000 zaidi. Chukua programu yenye megabaiti 200 zilizohamishwa. Hizo ni kurasa 51,200. Zikisomwa mojamoja ni zaidi ya sekunde 5 za kutazama skrini iliyoganda. Linux hupunguza makali kwa kusoma kurasa jirani kwa mkupuo, ila wakati huohuo flashi inatakiwa pia na WhatsApp inayoshusha video. Ni kama muuzaji mwenye frem Tandika na stoo Kongowe: mali anayo, ila si ya kumuuzia mteja aliyesimama dirishani.

Je, hifadhi haitakufa mapema? Seli za flashi zina ukomo wa kuandikwa, na hofu hiyo ina msingi, lakini tupige hesabu. Tuchukulie hifadhi ya 64GB inayovumilia mizunguko 1,000: hizo ni 64,000GB za kuandika. Swapu ikiandika 5GB kwa siku, na upangaji wa ndani wa chipu ukazifanya ziwe 20GB, inachukua siku 3,200, karibu miaka tisa. Kioo na betri vitatangulia. Hesabu hiyohiyo kwa memori kadi ya 8GB inaleta siku 400 tu, na ndiyo maana waliokuwa wakiweka swapu kwenye kadi enzi za Android za mwanzo walizimaliza haraka. Hifadhi iliyojaa pomoni nayo huchakaa upesi, kwa kuwa chipu inakosa vitalu vitupu vya kuzungushia maandishi.

Kwa mnunuzi, namba ya kupimia bei ni ya kwanza. Kati ya simu ya 6GB halisi na ya 4+4 kwa bei moja, chukua ya sita. Uliza pia aina ya hifadhi: UFS huhimili swapu kuliko eMMC, kwa sababu inasoma na kuandika kwa wakati mmoja. Kama tayari unayo ya 4+4 na hifadhi ina nafasi, iache huduma iwashwe. Itakusaidia ukirukaruka kati ya programu. Kama hifadhi imebakiza gigabaiti chache, izime, uanze kwa kufuta video. Na ukinunua kwa ajili ya gemu zito, nne za pili zihesabu kuwa sifuri: gemu linazitaka kurasa zake zote sasa hivi, hakuna iliyolala ya kupeleka stoo.