Jikoni Alikuwamo Nani?

Asubuhi ya Milanzi ina baridi. Sumbawanga iko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, na mwezi wa saba mtu akitoka nyumbani saa kumi na mbili hutafuta vitu viwili: koti na kitu cha moto. Mama ninayenunua chapati kwake hukaa nyuma ya jiko la mkaa, pembeni yake beseni la unga uliokandwa, kibao, na chupa tupu ya soda anayosukumia. Anasukuma donge, analipaka mafuta, analikunja kama kamba, analizungusha kama konokono, analiacha lipumzike, kisha analisukuma tena.

Siku moja nilimuuliza nani alimfundisha.

"Mama mkubwa," alisema bila kuinua macho. "Alikuwa Mbeya, anafanya kazi kwa Mhindi."

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa sababu siku zilezile nilikuwa nikisoma, kimoja baada ya kingine, vitabu vya mapishi ya Kihindi vya waandishi ambao familia zao zilipitia Afrika Mashariki. Vitabu hivyo navyo vinajibu swali lilelile: nani alikufundisha? Na karibu vyote vinajibu hivi: mama yangu, naye alifundishwa na mama yake.

Jibu hilo lina historia. Anayehesabiwa kuwa mama wa vitabu hivi ni Madhur Jaffrey, mzaliwa wa Delhi, aliyekwenda London miaka ya 1950 kusomea uigizaji bila kujua kupika. Alijifunza kwa barua: mama yake alimwandikia maelekezo kutoka India, naye akayajaribu ugenini. Kitabu chake cha kwanza, An Invitation to Indian Cooking, kilitoka Marekani mwaka 1973, na mwaka 1982 BBC ikampa kipindi kilichowafanya Waingereza wengi waanze kusaga viungo vyao wenyewe. Mfano aliouacha ni huu: binti yuko mbali, mama yuko nyumbani, na pishi ndiyo kamba inayowaunganisha. Ni mfano mzuri. Una ukweli wa mtu anayekumbuka kwao kwa ulimi kabla ya kukumbuka kwa akili.

Lakini mfano huo ulipochukuliwa na Wahindi wa Afrika Mashariki, ulikutana na hadithi isiyoutosha. Nyumbani kwao hakukuwa Delhi wala Gujarat peke yake. Kulikuwa Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Unguja. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na zaidi ya 27,000 kati yao wakaingia Uingereza. Wengine walikwishaondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengine waliondoka Tanzania baada ya nyumba za kupangisha kutaifishwa mwaka 1971. Mtu anayepekuliwa mizigo njiani hadi uwanja wa ndege hawezi kubeba jiko. Anabeba mapishi. Ndiyo maana watu hawa wameandika sana juu ya chakula, na mimi siwezi kuwacheka kwa hilo.

Chukua Meera Sodha. Alizaliwa Lincolnshire, Uingereza, katika familia iliyofukuzwa Uganda. Kitabu chake cha kwanza, Made in India, kilitoka mwaka 2014, na ni kitabu chepesi kutumia: mapishi mafupi, lugha ya mtu anayekukaribisha mezani, heshima kubwa kwa mikono ya mama yake. Kwa kupika, ningekichagua kabla ya vingine vyote. Lakini tazama jina. India imeandikwa kwa herufi kubwa, na toleo la Marekani linaongeza kwamba haya ni mapishi ya jiko la familia ya Kihindi. Uganda, walikotoka na masanduku yao, haimo jaladani. Simlaumu; majina ya vitabu huamuliwa pia na soko, na msomaji wa London anajua atarajie nini akiona neno India. Ila jina hilo linatuonyesha kinachouzika na kinachoachwa.

Ravinder Bhogal amefanya kinyume. Yeye alizaliwa Nairobi na kuhamia Uingereza akiwa mtoto. Mwaka 2016 alifungua mkahawa Marylebone, London, akauita Jikoni, na mwaka 2020 akatoa kitabu chenye jina hilohilo. Katika jina dogo la kitabu anatangaza kwamba anajivunia kutokuwa na mapishi halisi, kwamba hili ni jiko la mhamiaji. Keki yake ya ndizi inayoliwa na kulfi ya Ovaltine inaeleza jambo hilo vizuri kuliko hotuba: ndizi, kopo la Ovaltine ambalo watoto wengi wa Afrika Mashariki walikua wakiliona kabatini, na barafu tamu ya Kihindi, vyote kwenye sahani moja. Bhogal haombi radhi kwa mchanganyiko. Hilo nalipenda.

Nalipenda pia neno lenyewe, na hapo ndipo ninaposimama. Kwa mteja wa Marylebone, "jikoni" ni sauti nzuri yenye asili ya mbali. Kwa msomaji wa Kiswahili ni mahali. Ile -ni ya mwisho inatuingiza ndani, na tukishaingia tunauliza: humu alikuwamo nani?

Lugha inajibu hata pale vitabu vinaponyamaza. Wahindi wa Afrika Mashariki, wakiongea Kigujarati au Kikachi, wana maneno ambayo ndugu zao wa India hawayajui: kisu, sufuria, fagio. Hayo si maneno ya dukani wala ya msikitini. Ni maneno ya vitu vinavyoshikwa jikoni, na yaliingia katika lugha yao kwa sababu aliyevishika alikuwa akiongea Kiswahili. Upande wetu tuna chapati, bajia, kachori, achari, masala, kachumbari. Maneno hayo nayo hayakuja kwa barua. Mtu alisimama karibu na mtu, akaona, akajaribu, akaunguza, akajaribu tena. Hata chapati yetu ni ushahidi. Ile ya Kigujarati ni nyembamba na huiva kwenye kikaango kikavu. Yetu, yenye tabaka na mafuta, Mhindi angeiita paratha. Jina limetoka mlango mmoja na pishi mlango mwingine, na aliyevikutanisha hakuandika popote.

Ughaibuni maneno yetu yamechakaa kidogo. Muhogo umekuwa mogo, na mikahawa ya Wembley na Leicester huukaanga na pilipili. Kuku wa kupaka, yule wa kuchomwa na kupakwa tui zito la nazi, kwenye vitabu vingi huitwa kuku paka. Mara ya kwanza kulisoma nilicheka peke yangu: kwa kuangusha silabi mbili, mwandishi alikuwa amemtia paka chunguni. Baadaye sikucheka. Aliyekuwa akisema "kupaka" kila siku mule jikoni hakuwapo kusahihisha.

Kiswahili kimewahi kuingia katika vitabu vya mapishi kwa njia mbaya zaidi. Wanawake wa kanisa la Kiskoti Nairobi walipotoa kitabu chao cha upishi kwa walowezi wa Kenya mwaka 1928, waliweka na sentensi za Kiswahili za kumwamuru mpishi. Katika kitabu cha namna hiyo mpishi Mwafrika yumo, lakini kama sikio tu. Anaambiwa. Haambii mtu kitu. Vitabu vya akina Sodha na Bhogal havina ukatili huo hata kidogo. Lakini nikiviweka kando ya kile cha walowezi, naona kwamba tumetoka kwenye mpishi anayeamriwa hadi kwenye familia inayokumbuka, na katikati hapo mpishi mwenyewe hajapata nafasi ya kusema.

Aliyekaribia zaidi kumpa nafasi hiyo ni Yasmin Alibhai-Brown. Alizaliwa Kampala mwaka 1949, akasoma Makerere, akaingia Uingereza mwaka 1972. The Settler's Cookbook ni tawasifu iliyochanganywa na mapishi, na kwa mtu anayetaka kupika tu itamchosha: unatafuta kipimo cha bizari, unakutana na ugomvi wa ukoo. Lakini ugomvi huo ndio thamani yake. Anaeleza jinsi alivyoigiza Juliet shuleni, Romeo wake akiwa kijana Mwafrika, na jinsi baba yake alivyoacha kuzungumza naye kwa sababu hiyo. Hakwepi ubaguzi wa jamii yake, na wakati huohuo hamsamehei Amin. Hata neno alilochagua kwa jina la kitabu, mlowezi, linamchoma mwenyewe kabla ya kumchoma msomaji. Ukitoka hapo ukaenda kwenye pishi la muhogo, muhogo una uzito mwingine. Kati ya vitabu hivi, hiki ndicho ambacho kinajua kwamba meza iliyojaa inaweza kuwa na watu walioinyoosha wakala wamesimama nje.

Ningeweza kumaliza hapa, nikiwa nimewahukumu wenzetu na kujipa ushindi. Lakini nilirudi kwa mama wa chapati.

Nilimwomba aniambie vipimo niviandike. Alicheka. Unga ni "mpaka ukae vizuri," maji ni "ya vuguvugu, unayasikia mkononi," mafuta ni "usiyaonee huruma." Niliandika yote. Alipoona kweli naandika, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika na jina la mama mkubwa. Yeye ndiye mwenyewe." Nikaliandika kwenye daftari, jina la kwanza na la baba yake, akinisahihisha herufi.

Nikamuuliza: na yule Mhindi wa Mbeya, aliyemfundisha mama mkubwa, aliitwa nani?

Aligeuza chapati. "Alikuwa Mhindi tu, mwanangu. Mama mkubwa hakuwahi kumtaja jina."

Inawezekana yule mama wa Mbeya alihama kama wengi walivyohama, na kwamba leo mjukuu wake yuko Leicester au Toronto anaandika kitabu cha mapishi ya bibi. Humo mama mkubwa, kama yumo, atakuwa "mtumishi wetu." Na huku Milanzi bibi yule ni "Mhindi tu." Walisimama kwenye jiko moja miaka mingi, wakapeana kisu na sufuria, wakapeana na maneno, na kila upande umetunza pishi ukapoteza jina.

Wao angalau wameandika nusu yao. Yetu bado iko kwenye beseni, chini ya kitambaa, na mama mkubwa alishafariki. Ukurasa wa daftari langu sasa una pishi moja, jina moja, na mstari mmoja niliouacha wazi chini yake. Nimeuacha hivyo makusudi, iwapo siku moja mtu wa upande ule atakuja na jina.