Jina la Mwarobaini

Miti yenye jina kubwa ni michache, na mmoja wao ni mwarobaini. Yasemwa kuwa huponya maradhi arobaini, ndipo ukaitwa hivyo. Asili yake ni Bara Hindi, lakini pwani yetu imeufanya mwana wa nyumbani. Huko Ngao, ukingoni mwa mto Tana, ambako wamisionari Wajerumani walijenga kituo mwaka 1887, mafuriko huleta rutuba na mbu pamoja. Mahali kama hapo, ahadi ya dawa ya homa iliyo uani si jambo dogo. Kwa hiyo ni haki jina hili lihakikiwe, kama tuhakikivyo kazi nyingine yoyote ya ulimi.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba si uongo mtupu. Wataalamu walitoa katika mti huu kitu kiitwacho gedunini, wakakitia katika chupa yenye vijidudu vya malaria, na vijidudu vikafa. Mwenye haraka angeshangilia hapo. Lakini panya wagonjwa walipopewa gedunini peke yake, hawakupona. Chupa haina tumbo wala ini. Mwili huweza kuivunja dawa kabla haijafanya kazi.

Hapa ndipo kosa la jina linapoonekana: lahesabu maradhi, halihesabu kipimo. Halisemi majani mangapi, kwa nani, kwa siku ngapi. Nacho kipimo ni uhai. Huko Malaysia, katika miaka ya 1980, madaktari waliandika habari za watoto wachanga waliougua vibaya, hata wengine wakafa, baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini.

Je, tuwacheke waganga? Hasha! Katika karne ya 4, Mchina Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa aloweke mmea uitwao qinghao katika maji, aukamue, anywe. Tu Youyou alipoyasoma maneno hayo aling'amua kuwa hayataji moto. Akaacha kuchemsha, akatumia joto dogo, na mwaka 1971 akapata dawa iliyowaponya panya. Kisha yeye na wenzake wakaimeza wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Ndiyo asili ya artemisinini, iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Na vidonge vya malaria vitolewavyo Kenya leo vina uzao wake.

Mimea hii miwili haikutofautiana kwa sifa za wazee. Mmoja ulisifiwa, ukapimwa, ukapimwa tena. Mwingine twausifu zaidi kuliko tuupimavyo. Apendaye chongo huita kengeza. Amheshimuye mganga kweli na aupeleke mti wake maabara, na mtoto mwenye homa ampeleke hospitali. Jina la arobaini ni sifa. Ugonjwa mmoja uliothibitika kupona ndio dawa.